Kosa si la Mtambo, ni la Bomba

Umeme wa gridi ukatikapo usiku, watu wa hospitali hutega masikio. Husubiri ngurumo ya jenereta nyuma ya jengo. Mtambo ukishika, wauguzi hushusha pumzi: taa huwaka, mashine ya oksijeni hurejea kazini, jokofu la damu huendelea kupoa. Lakini yako majengo ambamo ngurumo hiyo husikika kwa nusu dakika tu. Mtambo huwaka vizuri, hupokea mzigo, hukohoa, taa hufifia, kisha kimya. Asubuhi fundi huitwa. Hubadilisha plagi, husafisha chujio la hewa, huuwasha mtambo bila mzigo wowote, nao hunguruma kama simba. Fundi hulipwa, huenda zake. Umeme ukikatika tena, mambo huwa yale yale.

Kwa jenereta iendeshwayo kwa gesi, chanzo cha maradhi ya namna hii mara nyingi hakimo ndani ya mtambo. Kimo katika lile bomba lipitalo ukutani au chini ya udongo, ambalo hakuna mtu alitazamaye. Mtambo hufa njaa. Tena hufa njaa wakati ule ule unapohitajiwa, kwa sababu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa akielezwa vizuri, na ambayo hata hivyo huwaponyoka watu wanaolipwa kuifahamu. Makala haya yanashikilia kwamba hakuna jenereta ya gesi istahiliyo kukabidhiwa kwa mwenyewe mpaka kanieneo ya gesi imepimwa mlangoni mwa mtambo, huku mtambo ukibeba mzigo wake wote, na vyombo vingine vyote vya gesi vya jengo hilo vikiwaka. Kipimo pungufu ya hicho ni cha kujidanganya.

Jambo hili si la nchi za mbali. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, kwa bomba lipitalo kwanza chini ya bahari na kisha nchi kavu. Bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Mitambo ya umeme na viwanda ndivyo vilivyotangulia kuunganishwa, na baadaye zikafuata baadhi ya nyumba na taasisi za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Kando ya gesi hiyo ya bomba ipo gesi ya mitungi, ambayo imeingia karibu kila mji. Ijapokuwa jenereta nyingi za nchini zingali zinatumia dizeli au petroli, ni wazi kwamba mtu aliye na gesi karibu atafikiri kuitumia. Sababu zake ni nzuri. Gesi haiharibiki kama petroli iliyokaa miezi mingi katika tangi, gesi ya bomba haingoji lori barabara zinapojaa maji, wala hainyonywi usiku kwa mpira na mtu mwenye dumu.

Hebu msomaji achukue kalamu akadirie njaa ya mtambo mmoja. Jenereta ya kilowati 20, ambayo ingetosha kituo cha afya au shule ya bweni, hugeuza kuwa umeme takriban robo tu ya joto la gesi iichomayo. Robo tatu zilizosalia hupotea kwa njia ya moshi, rejeta na mwili wa injini. Kwa hiyo, ili itoe kilowati 20 za umeme, hudai kilowati 80 za joto. Kilowati 80 kwa muda wa saa moja ni megajuli 288. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takriban megajuli 36. Ukigawanya, utaona kwamba mtambo huo hunywa mita 8 za ujazo kila saa. Sasa jiko moja la gesi la nyumbani, moto wake ukifunguliwa wote, hutoa kilowati 3 hivi. Basi mtu anayeunganisha jenereta hiyo kwenye bomba la jikoni ni sawasawa na mtu aliyeongeza majiko zaidi ya 26 kwa siku moja, akayawasha yote kwa mpigo.

Je, bomba la jikoni litauweza mzigo huo? Gesi iingiapo ndani ya jengo huwa imekwisha kupunguzwa kanieneo, yaani msukumo wake juu ya kila kipande cha eneo, hadi kilopaskali 2 hivi. Hicho ni kiasi kidogo sana: ni sehemu moja tu kati ya hamsini ya kanieneo ya hewa ituzungukayo, na huweza kuinua maji katika mrija kwa sentimita 20 tu. Akiba ni ndogo, na kila hatua ya safari huila. Gesi hujisugua kwenye kuta za bomba, na kanieneo hupungua kadiri bomba linavyorefuka. Wingi wa gesi ipitayo ukizidishwa mara mbili, kinachopotea huongezeka karibu mara nne. Lakini linalowashangaza hata mafundi wazoefu ni nguvu ya kipenyo. Kanieneo inayopotea hufuata kipenyo kikiwa kimepandishwa kipeo cha tano. Punguza kipenyo hadi nusu, na upotevu utaongezeka takriban mara 32, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano ndiyo 32.

Turudi kwenye mtambo wa kilowati 20, na tuseme umesimama mita 30 kutoka kwenye mita ya gesi. Bomba la chuma liitwalo la nusu inchi lina kipenyo cha ndani cha milimita 16 hivi, na lile la inchi moja lina milimita 27 hivi (majina ya mabomba, kama majina ya watu, hayasemi yote). Kuzipitisha mita 8 za ujazo kwa saa katika bomba la nusu inchi kungehitaji kupoteza karibu kilopaskali 3. Lakini kilopaskali zilizopo mwanzoni ni 2 tu! Kwa hiyo gesi hiyo haitapita. Itapita iwezayo kupita, na mtambo utazimika. Katika bomba la inchi moja hupotea kilopaskali 0.23 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Katika bomba la inchi moja na robo hupotea kama kilopaskali 0.06, kiasi ambacho mtambo hautakihisi. Tofauti ya bei kati ya bomba baya na bomba jema ni ndogo ikilinganishwa na bei ya jenereta yenyewe. Na bado kila kiwiko na kila koki havijahesabiwa, ambavyo navyo hula sehemu yao kana kwamba ni mita kadhaa zaidi za bomba.

Hapa ndipo ulipo mtego. Fundi amalizapo kazi, huweka kipimo mwishoni mwa bomba, hufungua koki kuu na kusoma. Kipimo huonyesha kilopaskali 2 kamili. Fundi hufurahi, mwenye jengo hutia sahihi. Lakini gesi iliyotulia haijisugui popote. Pasipo mwendo hapana upotevu, na kanieneo huwa sawa toka mwanzo wa bomba hadi mwisho, hata bomba lenyewe likiwa jembamba kama unyasi. Kipimo kile kimesema kweli, ila kimejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo. Ni sawa na kupima uwezo wa mpagazi kwa kumtazama akiwa ameketi.

Udanganyifu huo huo hurudiwa kila juma. Jenereta nyingi za akiba huwekewa saa ya kuziwasha zenyewe mara moja kwa wiki, dakika chache, bila kubeba mzigo. Zoezi hilo lina faida: huzungusha mafuta ya injini na kuonyesha kwamba betri ina uhai. Lakini mtambo usio na mzigo hutumia sehemu ndogo tu ya gesi, na kwa sehemu hiyo ndogo bomba la nusu inchi hutosha. Mlinzi huandika katika daftari kwamba mtambo ni mzima. Huandika hivyo Jumatatu hamsini na mbili mfululizo, naye hasemi uongo. Daftari la namna hiyo, tukisema ukweli, ni hatari kuliko kutokuwa na daftari, kwa maana humwondolea mganga mkuu shaka ambayo ingemwokoa.

Kwa nini basi kosa hili lisizuiwe tangu mwanzo? Mara nyingi atandazaye bomba la gesi ni fundi yule yule wa maji, naye amejifunza kwamba bomba jembamba kosa lake ni kuchelewesha ndoo kujaa. Mwenye nyumba ya maji hungoja; injini haingoji. Liko na jambo la pili ambalo walimu wa sayansi hawana budi kulitazama. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanieneo, mjao na jotoridi kwa Kiingereza, hujibu mtihani kwa Kiingereza, na akitoka shuleni hukutana na fundi ambaye elimu yake yote ya mikono imo katika Kiswahili. Mmoja ana kanuni asiyoweza kuieleza, mwingine ana bomba asiloweza kulikokotoa, nao husimama upenuni mwa jengo moja bila kusaidiana. Walimu wanaodhani kwamba istilahi za Kiswahili ni pambo la wapenda lugha wangefika upenuni hapo wasikilize.

Njaa ya mtambo ni hasara; gesi ivujayo ni msiba. Ulimwengu ulilipa ghali kulijua hilo, na waliolipa walikuwa wanafunzi. Katika kijiji cha New London, mashariki ya jimbo la Texas huko Marekani, palikuwa na shule nzuri iliyojengwa kwa utajiri wa visima vya mafuta. Mapema mwaka 1937, ili kuokoa fedha za kila mwezi, shule iliacha kununua gesi kwa mkataba, ikajiunganishia kwenye bomba la gesi iliyokuwa ikitupwa na watengenezaji wa petroli wa jirani. Gesi ilivuja chini ya sakafu na kujaa humo. Haikuwa na harufu, na hakuna aliyeitambua. Alasiri ya tarehe 18 Machi 1937 mashine ya umeme ya kusugulia mbao iliwashwa katika chumba cha ufundi, na cheche yake ikalilipua jengo. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Mwaka huo huo jimbo hilo lilitunga sheria ya kuitia gesi harufu mbaya, desturi ambayo baadaye ilienea duniani. Harufu ile ya uozo ambayo mpishi huilalamikia leo ina historia yake.

Kwa hiyo bomba jipya hujazwa kwanza hewa au naitrojeni iliyoshindiliwa, hufungwa, na kipimo hutazamwa kama kinashuka. Kamwe haitumiki oksijeni, na kamwe haitumiki gesi yenyewe. Jaribio hili lifanywe kabla ya mtaro kufukiwa, jambo ambalo kila mtu hulikubali kwa mdomo na wengi huliruka mvua ikikaribia. Baada ya gesi kuingia, kila ungo hupakwa povu la sabuni. Mtu atumiaye kiberiti kutafuta mvujo hustahili kunyang'anywa vifaa. Bomba la plastiki la gesi hukaa ardhini tu, si ukutani wala juani. Na kipande cha mwisho kati ya bomba na injini hapana budi kiwe cha kunyumbuka, kwa sababu injini hutetemeka, na chuma kigumu kilichofungwa kwenye kitu kitetemekacho hupasuka kwenye hesi siku isiyojulikana.

Wako wasemao kwamba yote haya huepukwa kwa kutumia mitungi. Hawa nao wangoje kidogo. Gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, imo mle ikiwa kimiminika, na injini ya kawaida huitaka ikiwa mvuke. Kugeuka mvuke hudai joto: kilo moja hudai takriban kilojuli 360. Mtambo wetu wa kilowati 80 za joto ungekula zaidi kidogo ya kilo 6 kwa saa, na kuzigeuza mvuke kilo hizo kungehitaji joto la zaidi ya wati 600 likipenya bila kukoma kutoka hewani hadi ndani ya chuma. Mtungi wa kilo 15 una eneo dogo. Kwa tofauti ya nyuzi 10 kati yake na hewa, hupokea makumi ya wati tu. Basi mtungi hupoa, hutoka jasho, huweza hata kuota barafu nje, na kanieneo yake huanguka huku kimiminika kingali kimejaa. Watu huutikisa na kusema umechakachuliwa. Haukuchakachuliwa, umegandishwa na haraka ya mtumiaji. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri na propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo Njombe alfajiri ya Julai mtungi wenye butani nyingi utachoka mapema kuliko wa Tanga. Dawa ni mitungi mingi iliyounganishwa pamoja, au tangi kubwa. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, ilhali gesi asilia ni nyepesi na hupanda. Chumba cha mtambo kilichotobolewa matundu ya juu peke yake hakifai kwa gesi ya mitungi.

Likisha kukokotolewa bomba la jengo, husalia swali ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kuulizwa: hiyo gesi ya mjini inasukumwa na nini? Texas ile ile ilifundisha tena Februari 2021. Baridi kali iligandisha visima na mitambo ya kusafishia gesi. Mingine ilizimika kwa sababu ilikatiwa umeme. Gesi ilipopungua, vituo vya umeme vilivyoitegemea navyo vilizimika, na umeme ulipopungua, gesi ikapungua zaidi. Baridi ya namna hiyo haiko Dar es Salaam, lakini mfungamano uko. Tangu mwaka 2004 sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania imetokana na gesi iletwayo kwa mabomba hayo hayo. Bomba kuu likipata hitilafu, jenereta ya hospitali iliyounganishwa nalo inaweza kukosa chakula saa ile ile gridi inapoyumba. Akiba itokayo ghala moja na chakula cha kila siku si akiba. Kiwanda cha biskuti kinaweza kuivumilia hatari hiyo. Chumba cha upasuaji hakiwezi, nacho kinastahili mtambo uwezao pia kula gesi ya tangi lililo ndani ya uzio wake, au mtambo wa pili wa dizeli. Huenda likaonekana kuwa ni gharama. Ndivyo ilivyo.

Katika maabara za shule hakuna haja ya gesi wala jenereta ili kuyaona hayo. Tena katazo litolewe kwamba jaribio lifuatalo lifanywe kwa hewa tu. Ndoo ya lita 20 ipinduliwe ndani ya pipa la maji, ishikwe isipinduke, na matofali mawili yawekwe juu yake ili hewa iliyomo ishindiliwe kwa kiasi kisichobadilika. Ndoo itobolewe na kuchomekwa mipira miwili yenye urefu wa mita tatu kila mmoja: mmoja wa bustani, na mwingine mwembamba wa dripu. Karibu na mwisho wa kila mpira uunganishwe mrija wa kioo au wa plastiki angavu uliokunjwa kama herufi U, wenye maji yaliyotiwa rangi. Ncha zote mbili zikiwa zimezibwa kwa kidole, wanafunzi wapime: maji yatasimama kwa kimo kimoja katika mirija yote miwili, na darasa zima litaapa kwamba mipira hiyo ni sawa. Kisha ncha ya mpira wa bustani izibwe kwa kizibo chenye tundu la milimita tano, na ile ya dripu iachiwe wazi. Katika mrija wa kwanza maji yatashuka kidogo tu, ijapokuwa hewa inatoka kwa mvumo. Katika wa pili yataanguka yalale karibu sawa pande zote mbili.